Alilala mapema, akapitiwa na usingizi kwenye kona: kisa cha treni ya Spuyten Duyvil

Jumapili ya tarehe 1 Desemba 2013, saa 11:54 alfajiri, treni ya abiria ya shirika la Metro-North iliondoka Poughkeepsie kwenda Grand Central, stesheni kuu katikati ya jiji la New York. Ilikuwa mwisho wa juma la sikukuu ya Thanksgiving, na ndani mlikuwa na abiria zaidi ya mia moja. Treni ilikuwa na mabehewa 7, kichwa chake kikiwa nyuma kinasukuma. Dereva aliketi mbele kabisa, katika behewa lenye chumba cha kuendeshea.

Reli hiyo inafuata ukingo wa Mto Hudson kuelekea kusini. Karibu na stesheni ya Spuyten Duyvil, eneo la Bronx, pale Mto Harlem unapokutana na Hudson, inapinda kushoto kwa ghafla. Kabla ya kona, treni inaruhusiwa kwenda kilomita 113 kwa saa. Kwenye kona yenyewe mwisho ni kilomita 48. Saa 1:19 asubuhi treni hiyo iliingia kwenye kona ikiwa na kilomita 132 kwa saa.

Mabehewa yote 7 na kichwa vikaacha reli. Behewa la mbele lilisimama hatua chache tu kutoka majini. Abiria 4 walikufa na watu 61 wakaumia. Tangu Metro-North ianzishwe mwaka 1983 haikuwa imewahi kuua abiria katika ajali ya treni.

Kifaa cha kumbukumbu cha treni kilionyesha jambo lililowashtua wengi. Dereva alipunguza nguvu ya injini sekunde 6 tu kabla ya kichwa kusimama kabisa, na breki zote zikafungwa sekunde 5 kabla. Alipogutuka, treni ilikuwa imeshafika mahali ambapo breki haina la kusaidia.

Ukiishia hapo, hukumu inakuja yenyewe: dereva mzembe, aliyekesha mahali fulani, akaja kazini na usingizi machoni. Ndivyo watu wengi walivyosema wiki ile, na ndivyo tunavyosema sisi pia basi linapopinduka alfajiri. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu uchunguzi wake ulikuwa wa kina, na kwa sababu ulichoonyesha ni kinyume cha hukumu hiyo karibu kila mahali.

Kilichoondolewa kwanza

Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, walianza na vitu vinavyoshikika. Treni ilikuwa imesimama vizuri katika stesheni kadhaa za nyuma, kwa hiyo breki zilikuwa zinashika. Reli na ishara havikuwa na kasoro ya kueleza ajali. Kumbukumbu za simu ya dereva zilionyesha kwamba hakuwa akiitumia. Pombe hakuwa nayo, wala dawa za kulevya.

Dereva mwenyewe alihojiwa. Aliwaeleza kwamba alikuwa katika hali ya kuduwaa, akitazama reli mbele yake, mpaka alipohisi kwamba mambo hayaendi sawa na kuvuta breki. Hakusema kwamba alilala. Sidhani alikuwa anaficha kitu. Mtu anayepitiwa na usingizi kwa sekunde chache mara nyingi hajui kwamba amelala. Macho yanaweza kubaki wazi, mkono ukabaki palepale kwenye usukani, na ubongo ukawa umeondoka. Kwa mwendo wa kilomita 113 kwa saa treni inakula mita 31 kila sekunde, na sekunde 10 za namna hiyo ni zaidi ya mita 300 zinazopita bila mtu yeyote kuendesha.

Kisha wakamuuliza alilala lini. Jibu lake ndilo linalokifanya kisa hiki kistahili kusomwa na kila anayesimamia madereva. Usiku wa Jumamosi alipanda kitandani kama saa 2:30, akaamka saa 9:30 usiku kujiandaa na kazi. Ni muda wa saa 7. Hakukesha wala hakwenda sherehe. Aliacha jioni ya mwisho wa juma la sikukuu akaingia kulala mapema, kama dereva anayeheshimu kazi yake anavyotakiwa.

Kama alipumzika, kwa nini basi alisinzia?

Saa ambazo mwili haukulala

Baada ya ajali alipelekwa kwenye kipimo cha usingizi, kile ambacho mtu hulala usiku mzima huku mashine zikirekodi pumzi, moyo, kiwango cha oksijeni katika damu na mawimbi ya ubongo. Jibu lilirudi: apnea ya usingizi inayotokana na kuziba kwa njia ya hewa, ya kiwango kikali. Hakuwa amewahi kuambiwa kwamba anayo.

Ugonjwa huu unafanya kazi hivi. Tukilala, misuli yote hulegea, na ya koo vilevile. Kwa mtu mwenye shingo nene, taya dogo, ulimi mkubwa au mafuta mengi kuzunguka koo, kulegea huko kunabana njia ya hewa. Hewa inayopenya kwa shida hutikisa kaakaa laini na kilimi, na hapo ndipo tunaposikia mkoromo. Njia ikiendelea kubana hujifunga kabisa. Kifua kinapanda na kushuka kikitafuta hewa, lakini hewa haiingii. Aliye pembeni husikia kimya cha ghafla baada ya mkoromo mzito. Oksijeni inashuka, moyo unasukumwa, mpaka ubongo unapojiamsha kwa sekunde chache ili kukaza misuli ya koo. Mgonjwa anavuta pumzi kwa kishindo, anageuka, anaendelea kulala. Asubuhi hakumbuki lolote.

Madaktari huhesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au kupungua sana kwa angalau sekunde 10. Kuanzia mara 5 mpaka 14 ni ugonjwa mwepesi, 15 mpaka 29 ni wa kati, na kuanzia 30 ni mkali. Chukua kiwango cha chini kabisa cha ugonjwa mkali ukizidishe kwa muda wa saa 7: ni mara 210 kwa usiku mmoja. Usingizi mzito unaojenga mwili na usingizi wa ndoto unaopanga kumbukumbu haupati nafasi ya kukaa. Ni mtungi uliotoboka, unajazwa usiku kucha na asubuhi hauna maji.

Hapa pana jambo ambalo linawachanganya hata wagonjwa wenyewe. Anayekesha kwa makusudi anajua amechoka, na anaweza kuomba kupumzika. Mwenye apnea anaamini amelala. Miaka ikipita, uchovu wake unakuwa ndiyo hali yake ya kawaida, hana tena cha kulinganisha nacho. Ukimuuliza kama yuko sawa kwa safari atasema ndiyo, na atakuwa anasema kweli kadiri anavyojijua. Ndiyo maana kumwachia dereva mwenyewe aseme kama amechoka, utaratibu ambao kampuni nyingi unazitosha, hauwezi kumgundua mgonjwa wa namna hii.

Zamu iliyogeuzwa

Ugonjwa peke yake alikuwa nao kwa muda, na treni alikuwa akiiendesha salama. Kilichoongezeka ni zamu. Takriban wiki 2 kabla ya ajali alihamishwa kutoka zamu ya mchana na jioni kwenda zamu ya alfajiri. Saa ambazo zamani alikuwa bado kitandani, sasa alitakiwa kuwa kazini na macho makavu.

Mwili una saa yake, inayoongozwa zaidi na mwanga, na haigeuki kwa sababu ratiba ya kazi imebandikwa ukutani. Wafanyakazi wa zamu wanaifahamu hali hii, unalala mapema lakini usingizi hauji vizuri, unaamka usiku wa manane na mwili unakataa. Mtu mzima wa afya huvumilia mpaka azoee. Kwa mtu ambaye usingizi wake umeshachanwachanwa na ugonjwa, mabadiliko hayo yanakula akiba ndogo iliyobaki.

NTSB ilipotoa hitimisho lake Oktoba 2014 iliweka mambo hayo mawili pamoja: dereva alilala kwa sababu ya apnea kali ambayo haikuwa imegunduliwa, na hali hiyo ilizidishwa na mabadiliko ya ratiba ya kazi. Mpangilio huo una maana kubwa. Ugonjwa ndio uliotangulia, zamu ikamsukuma. Ukitengeneza ratiba nzuri bila kumtibu mgonjwa utakuwa umepunguza hatari kidogo tu.

Faili lililokuwa na majibu yote

Sehemu hii ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo.

Dereva huyu alikuwa mwanaume wa umri wa makamo, mwenye uzito mkubwa. Alikuwa akikoroma. Alikuwa amelalamika kwa daktari kwamba anachoka. Alikuwa na usingizi mwingi mchana. Mwanafunzi wa udaktari akipewa maelezo hayo kwenye mtihani hatahitaji dakika moja kufikiria apnea ya usingizi. Na mtu huyu hakuwa akikwepa hospitali. Alikuwa na daktari wake binafsi, na mara kadhaa alipita kwa watumishi wa afya wa mwajiri wake. NTSB ilipopitia kumbukumbu zake iligundua kwamba si daktari wake wala upande wa kazini aliyewahi kumchunguza kwa ajili ya ugonjwa huu.

Kwa upande wa kazini sababu ilikuwa rahisi: hakuna kanuni iliyowataka wafanye hivyo. Kanuni za shirikisho za kumpa leseni dereva wa treni, zinazorudiwa kila baada ya miaka 3, zilidai apimwe macho na masikio. Aone ishara na atambue rangi, asikie honi na redio. Usingizi haukuwamo. Kanuni hiyo ilimpima dereva akiwa macho, ikachukulia kwamba macho atabaki.

Tena hatari yenyewe ilikuwa inajulikana. Tarehe 15 Novemba 2001, karibu na Clarkston katika jimbo la Michigan, treni 2 za mizigo ziligongana na wafanyakazi 2 wakafa. NTSB ilisema chanzo ni uchovu wa wafanyakazi wa mojawapo ya treni hizo: dereva alikuwa na apnea ambayo haikutibiwa, na kondakta wake alikuwa na apnea iliyotibiwa nusunusu. Bodi ikaitaka FRA, mamlaka inayosimamia usalama wa reli, iandae utaratibu wa kuchunguza afya ya wafanyakazi wa treni, ukiwamo usingizi. Mwaka 2004 FRA ikatoa ushauri kwa kampuni za reli kuhusu magonjwa ya usingizi. Ushauri, si kanuni. Februari 2008 ikaja ndege ndogo ya abiria huko Hawaii, ambayo marubani wake wote wawili walilala na kupita uwanja wa Hilo waliotakiwa kutua. Wakaamka, wakarudi, hakuna aliyeumia. Rubani mkuu akakutwa na apnea kali.

Kwa hiyo dereva wa Spuyten Duyvil alipoketi kwenye kiti chake asubuhi ile, miaka 12 ilikuwa imepita tangu Clarkston. NTSB ilitaja waziwazi kwamba kukosekana kwa sera ya Metro-North na kanuni ya FRA ya kuwapima wafanyakazi magonjwa ya usingizi kulichangia ajali. Nimesoma taarifa nyingi za ajali ambazo huishia kwenye jina la dereva. Hii ilikwenda mpaka kwenye meza ya aliyetakiwa kuandika kanuni, na huko ndiko ilikotakiwa kwenda.

Na gharama ya kumgundua ni ndogo kiasi cha kutia uchungu. Mwaka 2008 Frances Chung na wenzake wa Toronto walichapisha dodoso la maswali 8 ambalo sasa linatumika duniani kote. Je, unakoroma kwa nguvu? Unachoka au kusinzia mchana? Kuna aliyekuona pumzi zikikatika ukiwa usingizini? Una shinikizo la damu? Uzito wako ukilinganishwa na urefu umezidi kiwango kilichowekwa? Umepita miaka 50? Shingo yako ni nene? Wewe ni mwanaume? Anayejibu ndiyo mara 3 au zaidi anahitaji kuangaliwa kwa makini, na kuanzia 5 hatari ni kubwa. Linajazwa kwa dakika chache. Kifaa chake ni kalamu, mizani na tepu ya fundi cherehani.

Mashine zilizokuwa upande usiofaa

Treni nyingi zina ving'ora vya kumwamsha dereva. Kifaa kinalia dereva asipogusa chochote kwa muda, na akikaa kimya kinafunga breki chenyewe. Treni hii nayo ilikuwa nacho. Kilikuwa ndani ya kichwa, na kichwa kilikuwa nyuma. Katika chumba cha mbele alikokaa dereva kulikuwa na pedali tu ya kukanyagwa kwa mguu. Ukiiachia, breki zinafunga. Lakini mguu wa mtu aliyesinzia akiwa ameketi unaweza kabisa kuendelea kuikandamiza kwa uzito wake wenyewe. Pedali iliwekwa kumlinda abiria dhidi ya dereva aliyeanguka au kufa, haikumfikiria aliyelala akiwa ameketi wima.

Kulikuwa pia na mfumo mkubwa zaidi, wa kudhibiti mwendo wa treni kwa kompyuta, ambao unapunguza kasi yenyewe kabla ya kona hata kama dereva amezimia. Bunge la Marekani lilikuwa limeamuru mwaka 2008 kwamba uwekwe mpaka mwisho wa 2015. Desemba 2013 ulikuwa bado haujafika kwenye kona hii. Baadaye muda ulisogezwa, ukasogezwa tena, na kazi ikakamilika nchini kote Desemba 2020. Lakini siku chache tu baada ya ajali, FRA ilipotoa amri ya dharura, Metro-North ilirekebisha ishara zake za zamani ili zilazimishe treni kupunguza mwendo kabla ya kona ya Spuyten Duyvil. Siku chache! Ishara zilezile zilizokuwapo. Kuisubiri mitambo ya kisasa kulikuwa kumewafanya wasahau kile ambacho mitambo ya zamani ingeweza kufanya.

Na madirisha. Abiria wote 4 waliokufa walitupwa nje baada ya vioo vya madirisha kung'oka mabehewa yalipolala ubavu. NTSB iliandika kwamba kung'oka huko ndiko kulikoufanya msiba uwe mkubwa. Ugonjwa wa usingizi ulileta ajali, ila kilichowaua abiria hao ni kioo kisichokaa mahali pake. Katika uchunguzi wa namna hii maswali hayo mawili yanatengwa, chanzo cha ajali na chanzo cha kifo, na ni vizuri kuyatenga. Hakuna kampuni inayoweza kuahidi kwamba dereva hatasinzia kamwe, lakini inaweza kuhakikisha kwamba abiria anabaki ndani ya behewa.

Machi 2014 ukaguzi wa FRA ndani ya Metro-North ulikuta kwamba treni kufika kwa wakati kulikuwa kumepewa uzito kuliko usalama. Sina la kuongeza hapo.

Je, alikuwa na hatia?

Mei 2015 ofisi ya mwendesha mashtaka wa Bronx ilisema haitamfungulia dereva mashtaka ya jinai. Zipo familia ambazo hazikuridhika, na siwezi kuwalaumu. Mtu aliyempoteza ndugu kwenye treni asubuhi ya Jumapili ana haki ya kutaka jina.

Hata hivyo naona uamuzi ule ulikuwa sahihi, na sababu yangu haianzii kwenye huruma kwa dereva. Inaanzia kwa abiria wa kesho. Dereva akijua kwamba kugundulika na apnea ni kufukuzwa kazi, hatajibu swali la kukoroma kwa ukweli. Mkewe naye atanyamaza, kwa sababu ada za watoto zinatoka kwenye mshahara uleule. Kila jela unayomwonyesha mgonjwa asiyejijua inamfundisha mgonjwa mwingine kujificha, na anayejificha yuko usukanini.

Wakati tiba ipo, na inafanya kazi. Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walieleza jinsi hewa yenye shinikizo dogo inavyoweza kusukumwa puani usiku kupitia barakoa na kuizuia njia ya hewa isijifunge. Mashine hiyo inakaa kando ya kitanda. Wapo wanaoona nafuu tangu usiku wa kwanza. Utafiti wa madereva wa malori wa kampuni kubwa ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, uliwafuata waliokutwa na apnea wakapewa mashine. Walioacha kuitumia walipata ajali mbaya zinazozuilika mara 5 ya wenzao wasio na ugonjwa. Walioitumia ipasavyo walikuwa sawa na wenzao. Mgonjwa anayetibiwa na kufuatiliwa anarudi kwenye usukani, na rekodi yake ni ya dereva mzima. Ninayemwogopa mimi ni yule ambaye hajapimwa.

Baada ya hapo

Metro-North ilianza kuwapima madereva wake. Asilimia 11.6 walikutwa na apnea ya usingizi, zaidi ya mmoja katika kila 10. Hao wote walikuwa wakiendesha treni za abiria, wengi wao bila kujua.

Tarehe 29 Septemba 2016, upande wa pili wa Mto Hudson, treni ya NJ Transit, shirika la usafiri la jimbo jirani la New Jersey, iliingia stesheni ya Hoboken ikiwa na kilomita 34 kwa saa mahali ambapo mwisho ni 16, ikavunja kizuizi cha mwisho wa reli na kuparamia jengo. Mwanamke aliyekuwa amesimama stesheni aliuawa na vifusi, watu 110 wakaumia. Dereva alikuwa na apnea kali ambayo haikuwa imegunduliwa. Shirika hilo, tofauti na Metro-North ya 2013, lilikuwa na mwongozo wake wa kuwachunguza wafanyakazi. Dereva alikuwa amepimwa afya miezi michache tu kabla, akapasishwa. Mwongozo haukufuatwa, na hakupelekwa kwenye kipimo cha usingizi. Tarehe 4 Januari 2017 ikafuata treni ya Long Island iliyogonga mwisho wa reli huko Brooklyn na kujeruhi watu 108. Dereva, apnea kali. Shirika lake halikuwa na utaratibu wa kuwapima.

Serikali ya shirikisho ilikuwa imeanza mwaka 2016 kukusanya maoni ili kuandika kanuni ya kuwapima madereva wa treni, malori na mabasi. Agosti 2017 mchakato ukaondolewa. Hoja iliyotolewa ni kwamba kampuni zinaweza kushughulikia uchovu kwa mipango yao wenyewe. Februari 2018 NTSB ilitoa taarifa moja ya pamoja ya Hoboken na Brooklyn, ikarudia yaleyale iliyoyasema kuhusu Spuyten Duyvil, na yale iliyoyasema kuhusu Clarkston kabla yake.

Upande wetu wa barabara

Nimeandika kuhusu New York kwa sababu huko ndiko faili lilikofunguliwa mpaka ukurasa wa mwisho. Ila koo la dereva wa Bronx na la dereva wa basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza yameumbwa namna moja, na uzito mkubwa na shinikizo la damu tunavyo kwetu pia.

Tanzania ilizuia mabasi ya abiria kusafiri usiku kwa miaka mingi, mpaka 2023 yaliporuhusiwa tena. Kenya ilibana safari za usiku Desemba 2013, mwezi uleule wa ajali ya Bronx. Katazo la namna hiyo linapunguza hatari fulani za kweli, mojawapo ni giza. Kwa mgonjwa wa apnea halitoshi. Treni ya Spuyten Duyvil ilianguka jua likiwa limeshatoka, ikiendeshwa na mtu aliyelala usiku. Mgonjwa huyu atasinzia saa 1 asubuhi, na atasinzia saa 8 mchana baada ya chakula, hata kama basi lake halijawahi kutembea usiku.

Kuna pia kikwazo cha nyumbani. Anayekoroma kwetu anasifiwa: amelala fofofo, mwacheni apumzike, kesho ana safari. Watoto wanamcheka, maisha yanaendelea. Kukoroma peke yake si ugonjwa, wapo wengi wanaokoroma maisha yao yote bila madhara. Kinachotakiwa kushtua ni mkoromo unaokatika, kimya, kisha pumzi ya kishindo, na mchana mtu huyohuyo anasinzia akiwa kwenye mazungumzo au kwenye foleni ya magari.

Maabara za kupima usingizi kwetu ni chache na ghali, hilo halipingiki. Lakini maswali 8 hayahitaji maabara, na kampuni ya mabasi au ya malori inaweza kuanza nayo wakati wowote, kwa sharti moja ambalo mwajiri aliandike na kulitia sahihi: atakayekutwa na dalili atapumzishwa kwa malipo, atapelekwa kwa daktari, na akipata tiba atarudi kwenye gari lake. Bila hilo, majibu yote yatakuwa hapana.

Swali la tatu, lile la pumzi kukatika, dereva hawezi kulijibu mwenyewe kwa sababu alikuwa amelala. Wa kuulizwa ni mke, na kwa dereva wa masafa marefu mara nyingi ni utingo wake au dereva mwenzake wanayepokezana usukani, ambaye amemsikiliza akikoroma kwenye kitanda cha nyuma ya kiti njia nzima. Fomu ya afya ya dereva iwe na nafasi ya jibu la mtu huyo.